Wapelelezi wetu wa magonjwa wanamjua mdudu, sumu inawapita mlangoni

Nianze na swali tuliloulizwa kwenye semina moja ya kupeleleza milipuko ya magonjwa, ukumbi wa hoteli Dodoma, feni inalia, chai ya saa nne imeshanyweka na maandazi yameisha. Mwezeshaji akaweka mezani sahani ya ugali uliopoa, kopo la mahindi, chupa ya mafuta ya kula isiyo na lebo na pakiti ya chumvi, akasema kijijini kuna watu 12 wanaumwa, macho ya njano, matumbo yamejaa maji, wanne wameshakufa, wote wanatoka kaya tatu tu, nyie ndo timu ya wilaya mmefika sasa hivi, mnachukua sampo gani? Ukumbi mzima kama watoto wa darasa la pili: "Damu!" Damu ya kupima nini? "Homa ya ini!" "Homa ya manjano!" Mmoja nyuma akasema Ebola, maana siku hizi kila kitu Ebola. Mwezeshaji akainua ile sahani, ugali wote akaumwaga kwenye ndoo ya taka mbele yetu, akakaa kimya kidogo. Haya, akasema, ushahidi wenu ndo huo umeenda, mwenye nyumba ameshaosha sufuria.

Mi mwenyewe nilikuwa kundi la damu, sikatai. Na sio kwamba pale watu hawakuwa na akili, kulikuwa na mabwana afya wa miaka 20 kazini, wauguzi, watu wa maabara. Ni vile kichwa kimeshatengenezwa hivyo. Sisi wa afya ya jamii tumefundishwa kumsaka mdudu. Kipindupindu, surua, kimeta, dengue, mdudu ana jina, ana kipimo, ana fomu yake na ana mfadhili wake. Sumu haina fomu. Kwenye ratiba ya mafunzo niliyopitia mimi mada ya milipuko ya kemikali iliwekwa Ijumaa mchana, mwisho kabisa, watu wameshabeba mabegi wanawaza posho na basi la saa tisa.

Tusijidharau lakini. Tanzania tuna programu ya kuwafundisha wapelelezi wa magonjwa wa uwandani tangu 2008, Wizara ya Afya pamoja na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na kuna kozi fupi ya watu wa wilayani ambayo mtu anasoma huku anaendelea na kazi yake. Inaonekana. Mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walianza kuumwa homa na kutokwa damu puani, nchi nzima ikashika roho mkononi, timu zikaingia na ndani ya muda mfupi jibu likatoka, homa ya mgunda (leptospirosis), watu 20 na waliofariki 3. Machi 2023 Kagera, Marburg, ndugu yake Ebola, watu 9 wakaugua, 6 wakafa, ikaishia palepale haikuvuka kwenda kwingine. Kwa mdudu tuko vizuri kabisa. Sasa rudi nyuma hadi 2016 uone tulivyo kwa sumu.

Katikati ya mwaka 2016 wilaya ya Chemba, Dodoma, watu wakaanza kutapika, tumbo kuuma na kuvimba, macho njano, familia moja halafu nyingine. Magazeti na mitandao ikauita ugonjwa wa ajabu. Maneno ya mwanzo mwanzo yaliyosambaa yalihusu nyama ya ng'ombe waliyokula, na ukiangalia ni dhana ya mtu mwenye akili timamu, kwa sababu nyama ni tukio, nyama inakumbukwa, mtu ukimuuliza ulikula nini cha tofauti atakutajia nyama. Hawezi kukutajia ugali. Ugali sio chakula cha kukumbuka, ugali ni kama hewa. Mpaka tukio linaisha lilikuwa limegusa Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, waliokufa 20, na mhusika alikuwa ndani ya ugali huohuo ambao hakuna aliyeutaja: sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu.

Kinachoniuma ni kwamba haikuwa mpya. Jirani zetu Kenya walishapita humohumo, Machakos 1981, halafu 2004 ikarudi kwa nguvu Makueni, Kitui na wilaya za jirani, wagonjwa 317, waliokufa 125. Mahindi mengine waliyopima yalifika 4,400 ppb (sehemu kwa bilioni) wakati kiwango cha Kenya wakati ule kilikuwa 20. Walipoenda sokoni wakakuta zaidi ya nusu ya bidhaa za mahindi walizochukua zimevuka hicho kiwango. Miaka 12 baadaye, mpaka mmoja tu katikati, sisi tunauita ugonjwa wa ajabu.

Hebu tuangalie wale wa 2004 walifanyaje, maana hapo ndo penye somo. Vipimo vya virusi vya ini vikarudi havina kitu. Kwa mtu aliyefundishwa mdudu tu hapo ndo mwisho wa safari, anaandika "chanzo hakijajulikana" anafunga faili. Wale wakaenda nyumbani kwa wagonjwa 40 na kwa watu 80 wasioumwa wa maeneo yaleyale, wakauliza maswali yaleyale: unakula mahindi ya wapi, uliyavuna lini, yalikuwa yamekauka, unayaweka wapi. Wakaona wagonjwa ndo walioweka mahindi mabichibichi ndani ya nyumba kuliko wasioumwa. Hakuna mashine ya bilioni hapo. Ni kulinganisha aliyeumwa na asiyeumwa, na kumheshimu asiyeumwa kama chanzo cha taarifa, kitu ambacho sisi tunakisahau kabisa, tukifika kijijini tunakimbilia wodini tu.

Sumu ina tabia zake na hizi ndo ningetaka zifundishwe Jumatatu asubuhi watu wakiwa bado wana nguvu. Inapiga kaya nzima kwa sababu kaya inakula chungu kimoja, kwa hiyo inaonekana kama inaambukiza. Lakini angalia muuguzi. Kama wiki ya tatu sasa muuguzi anashika matapishi, anafuta, analala palepale zahanati na haumwi, na ndugu aliyekuja kuuguza kutoka mjini na chakula chake naye haumwi, jiulize mara mbili. Homa mara nyingi hamna au ni ndogo. Uliza kuku, uliza mbwa, uliza ng'ombe, wao wanakula makapi ya kilekile tunachokula sisi na wanatangulia. Halafu dalili zenyewe zinaongea ukizijua: anatokwa na mate na jasho na mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, fikiria dawa za kuulia wadudu shambani. Alikunywa pombe jana na leo anasema haoni vizuri, fikiria methanoli, ile spiriti yenye sumu. Watoto wadogo wanapata degedege, malaria hamna, na jirani kuna watu wanasaga mawe ya dhahabu, hapo simama.

Hili la mwisho silisemi hewani. Zamfara, Nigeria, 2010, watoto walikuwa wanakufa na degedege, watu wakihisi malaria au uti wa mgongo, kumbe ni madini ya risasi. Wazazi walikuwa wachimbaji wadogo, wakileta mawe nyumbani na kuyasaga kwa mashine zilezile za kusagia unga, vumbi likatapakaa uani ambapo mtoto anatambaa. Kwenye vijiji viwili vya mwanzo, katika watoto 463 wa chini ya miaka mitano, 118 walikuwa wamekufa ndani ya mwaka mmoja. Robo nzima ya watoto. Hiyo haihitaji darubini, inahitaji mtu aliyehesabu makaburi madogo akashtuka. Na sisi huku Geita, Chunya, Tarime watu wanachenjua dhahabu kwa zebaki uani kila siku ya Mungu, kwa hiyo tusijifanye ni mambo ya Nigeria. Mombasa nako, Owino Uhuru, kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri chakavu kando ya makazi, na mama aliyekuja kuwa mwanaharakati, Phyllis Omido, mwanae alitibiwa malaria na taifodi kabla mtu hajafikiria kupima risasi kwenye damu. Mahakama mwaka 2020 ikawapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ilianza na mtoto ambaye kipimo chake hakikuwepo kwenye fomu.

Nije kwenye sampo, maana hapa ndo tunaharibu zaidi. Watu wengi wanadhani kuna mashine kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali unaweka damu inatoa karatasi imeandikwa jina la sumu. Hamna kitu kama hicho. Maabara inajibu swali uliloliuliza, ukiandika kwenye fomu "pima sumu" umeandika barua kwa Mungu. Angola 2007, Cacuaco nje kidogo ya Luanda, watu zaidi ya 400 walikuwa wanasinzia ovyo, wanayumba kama walevi na hawajanywa, sampo zikapelekwa mpaka nje ya nchi, na jibu likaja kuwa bromaidi ya sodiamu, ilikuwa inatumika kama chumvi ya mezani. Nani angeandika bromaidi kwenye fomu? Ndo maana maelezo ya dalili na ya chakula lazima yaongozane na chupa, mkemia apate pa kuanzia. Na mpigie simu kabla hujachukua hiyo sampo, sio baada.

Kuna vitu vidogo ambavyo nilijifunza siku ile na vimenikaa. Chupa tupu, kwa mfano. Ukipeleka damu au mkojo kupima madini, peleka na chupa tupu kutoka boksi lilelile, haijawekwa kitu, kwa sababu chupa zenyewe au vifuniko vinaweza kuwa na chembe za madini na maabara ikakuambia kijiji kizima kina risasi kumbe risasi ni ya chupa. Chukua mkojo mapema, kabla ya dripu tatu hazijausafisha, na sianidi, ile sumu ya muhogo mchungu, ndo usiseme, kwenye damu haikai. Chukua na ya mtu mzima asiyeumwa. Na mahindi, jamani, usichote kiganja kimoja juu ya gunia ukasema umepima gunia. Ukungu hauendi sawasawa, punje moja inaweza kuwa imebeba sumu yote na ya pembeni yake safi kabisa. Wafanyabiashara wa nafaka Kibaigwa wanalijua hili kuliko sisi, wana bambo, anachoma gunia juu, katikati, chini, kushoto, kulia, anachanganya ndo anaangalia. Mpelelezi wa sumukuvu asiye na bambo ni mtalii.

Mfano wa kazi iliyoenda vizuri upo, Kasese, magharibi ya Uganda, Septemba 2017. Tarehe 5 watu 33 waliokuwa msibani wakalazwa hospitali ya Bwera wanatapika, wanaharisha, matumbo yanauma. Tarehe 8 Wizara ikapata taarifa. Kwa dalili hizo na msibani, wangapi wetu tusingesema kipindupindu tukaanza kumwaga klorini? Wakaenda vijana wa programu yao ya epidemiolojia, wakauliza chakula, wakakuta unga wa muhogo, wakaufuatilia unga mpaka kwa mfanyabiashara wa jumla, wakaupima. Sianidi wastani wa 88 ppm (sehemu kwa milioni), kiwango salama ni 10. Wagonjwa wote 98, vifo viwili. Viwili vinauma, lakini weka pembeni ya 20 vya kwetu uone faida ya mtu kuuliza unga mapema.

Pemba ni habari nyingine, pale chanzo kinajulikana hata na watoto: nyama ya kasa, kobe wa baharini. Novemba 2021 watu 7 wakafa, Machi 2024 kisiwa cha Panza wakafa 9, wanane wao watoto, na 78 wakalazwa. Hapo upelelezi hauna cha kugundua, ni kazi ya kukaa na watu, sitaiongelea sana.

Kuna jambo ambalo vitabu vya kufundishia, vingi vimeandikwa mbali, hata mwongozo wa WHO wa 2021 wa milipuko ya kemikali, haviwezi kulijua, ni la lugha yetu. Ukisema neno "sumu" kijijini, hujasema kemikali. Umesema kuna mtu kaweka. Sumu kwa Kiswahili inatiliwa, mtu analishwa, swali la pili linalofuata hata hujamaliza sentensi ni "nani?" Na jibu la nani lipo tayari, ni yule bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake, au mke mdogo, au shemeji mliyegombana naye shamba. Bwana afya anayesimama kwenye mkutano wa kijiji akatangaza "ndugu wananchi tumegundua ni sumu" halafu akapanda gari, ameacha moto nyuma. Nimeona washiriki wa semina wanacheka mada hii ikiguswa, wanaona ni siasa, mi naona ni ya kufundishwa kabla hata ya mkojo na damu. Neno sumukuvu limesaidia sana, aliyelitunga nampa maua yake, kwa sababu limefunga mlango wa "nani", linasema ni kuvu, ni ukungu, ni mvua iliyonyesha wakati wa kuvuna. Lakini 2016 nani kijijini alikuwa analijua? Limekuja kuzoeleka baadaye, na miradi kama TANIPAC, ule wa serikali wa kuzuia sumukuvu, na matangazo ya redioni. Kwa risasi, kwa zebaki, kwa bromaidi, bado hatuna namna ya kusema bila mtu kuulizwa nani.

Halafu kuna la nani amuite nani. Mahindi ni ya afisa kilimo, kuku aliyekufa ni wa afisa mifugo, mgonjwa ni wa mganga mkuu, kemikali ni ya Mkemia Mkuu, na chakula kilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, mpaka 2019 kikahamia TBS, shirika la viwango, nina uhakika wapo watu huko halmashauri bado wanaandika barua TFDA. Kwenye kipindupindu bwana afya anajitosheleza. Kwenye sumukuvu hajitoshelezi hata robo, na bado tunamfundisha peke yake, na watu wa afya wenzake, hotelini. Ningekuwa na mamlaka kila semina ya hivi nusu ya viti ningewapa kilimo na mifugo, na kiti kimoja mwenye mashine ya kusaga. Yule anaona mahindi ya kata nzima, anajua kabla ya zahanati kwamba msimu huu mahindi yana vumbi la kijani.

Siku ya nne tulienda uwandani kwa mazoezi, kijiji cha karibu, hakukuwa na mlipuko wowote, kujifunza kuuliza tu. Tukaingia kwa bibi mmoja, kijana wetu mwenye fomu akaamkia, akaitikiwa, akauliza, bibi unakula nini? "Ugali." Akaandika ugali, akageuza ukurasa. Dada mmoja wa kilimo, pekee tuliyekuwa naye, akavuta kigoda akakaa.

"Ugali wa mahindi yapi bibi, ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu mwanangu. Yalinyeshewa shambani, nikayaingiza ndani yasiibiwe."

"Yalikuwa yamekauka?"

"Yangekaukia wapi na mvua ile?"

"Unakoboa au dona?"

"Kukoboa ni hela. Na nyie wa hospitali mlisema tule dona."

Tukatazamana. Kweli tumesema, bango lipo zahanati, dona ina virutubisho, na ni kweli, ila mahindi yakiwa mabaya ile ganda tunayoisifia ndo imebeba sehemu kubwa ya sumu na kukoboa kunaipunguza. Dada akaendelea, yale yaliyoharibika unayafanyaje? Bibi akaona ni swali la kitoto, akajibu taratibu: mazuri anauza, ya katikati anakula na wajukuu, mabovu kabisa anapewa kuku.

Akatufungulia kilindo chake cha mahindi. Tukachoma bambo, yakatoka na harufu ya ukungu, mengine yana kijani kwenye kiini. Ilikuwa mazoezi lakini mtu ukishaona huwezi kufunga mdomo, tukamwambia bibi haya usile na usiwape watoto. Akasikiliza mpaka mwisho, hakubisha, akauliza tu: "Sasa jioni tunakula nini?"

Kenya 2004 serikali ilipeleka mahindi mengine, hiyo ilikuwa sehemu ya kuzuia vifo sawasawa na upelelezi wenyewe. Kwenye kabrasha letu hakukuwa na ukurasa wa hiyo. Dada wa kilimo akatoa elfu kumi kwenye pochi yake akampa bibi. Kaya ya pili ilikuwa na hali ileile, akatoa elfu tano. Kaya ya tatu dereva alisema muda umeisha na hakuna aliyembishia.